Jiko la Shule ya Nordby

Nordby, Minnesota
2 Februari 2011

Mama Mdogo wangu mpendwa, Ardis,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Hujambo huko jangwani Arizona? Goti linaendeleaje, na ile dawa mpya ya presha imekukubali au bado inakupa kizunguzungu? Curtis na mkewe wanakutunza vizuri? Wasalimie sana. Mwambie Curtis asikuachie mbwa wake, yule mbwa ana nguvu kuliko wewe.

Sisi tu wazima, ashukuriwe Mungu, ila baridi ya mwaka huu imetukomesha. Mume wangu Duane anashinda kwenye kibanda chake juu ya barafu ziwani. Anasema anavua, lakini harudi na samaki, anarudi na hadithi. Mimi bado niko jikoni kwenye nyumba ya wazee, napika na kusukuma vigari vya chakula. Jumapili iliyopita tulitengeneza lefse, ile mikate yetu myembamba ya viazi, kanisani, na kila aliyeonja alisema hazifikii zako. Nilikubali bila kubisha.

Ningekupigia simu, lakini najua masikio yako hayapatani na simu siku hizi, na kusema kweli nakumbuka zaidi nikishika kalamu.

Sasa, Mama Mdogo, nina jambo. Unajua ile shule yenu ya zamani ya chumba kimoja, pale ubavuni mwa kanisa. Kwa miaka mingi Bi. Elvera Moen amekuwa akiwapokea watoto wa darasa la nne kutoka mjini. Wanakuja darasa zima, wamevaa nguo za kizamani, wanakaa kutwa kana kwamba ni mwaka 1947. Mwalimu naye anachukua jina la Bi. Hulda Kvamme, mwalimu wenu, na haruhusiwi kutoka katika mwaka huo mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Sasa Bi. Elvera amevunjika nyonga, hawezi tena. Na yupo mfanyabiashara mmoja anataka kuling'oa jengo zima, alipakie kwenye lori, alipeleke kwenye kijiji chake cha watalii kule barabara kuu. Kamati inasema watoto wakiendelea kuja, jengo linabaki. Wakikoma, linakwenda.

Basi wakaniomba mimi. Nikakataa. Wakaniomba tena, nikakataa tena. Nilikuwa nikivuta pumzi nikatae mara ya tatu, mwenyekiti akafunga kikao kwa sala. Unatujua sisi: mtu anakataa kahawa mara mbili, ya tatu anakubali, anaweka kikombe. Walidhani nimeweka kikombe. Sasa mimi ni mwalimu, mimi niliyemaliza sekondari kwa kubebwa, ninayetokwa jasho nikisoma somo kanisani!

Nisaidie. Wewe pekee katika ukoo uliyekaa kwenye madawati yale wakati wa Bi. Kvamme. Mama alikuwa ameshamaliza na kwenda kufanya kazi za nyumbani mjini, na Mungu ameshamchukua. Niambie siku ilianzaje. Aliwaadhibu vipi? Na chakula cha mchana, zile chupa za supu mlizozipasha juu ya jiko, mlileta nini ndani yake? Bi. Elvera aliwaacha watoto wale mikate yao tu, lakini mimi ni mpishi, nataka watoto waone moto ukifanya kazi.

Na ungekuja mwenyewe mwezi Mei ukapiga kengele, ningefurahi mpaka nilie.

Mwanao,
Marlys

*

Tucson, Arizona
27 Februari 2011

Mwanangu Marlys,

Salamu nimezipokea, na mimi nakurudishia. Goti linauma, lakini linajua njia ya kwenda kanisani. Presha imetulia. Hapa mabalungi yameiva, yanaanguka uani, na majirani wanayapita kana kwamba ni mawe. Mimi siwezi. Nayaokota yote. Curtis ananiambia, "Mama, tutayafanyia nini haya yote?" Namwambia, "Utakula."

Nimefurahi wamekuchagua wewe. Jasho si dhambi.

Siku ilianza kwa kengele ya mkono mara mbili. Bendera, kisha Baba Yetu, kisha mikono. Bi. Kvamme alipita na kutazama kucha zetu mbele na nyuma. Wadogo walikaa mbele, wakubwa nyuma, na wakubwa waliwasomesha wadogo. Nilijifunza kugawanya kwa kusikiliza darasa la sita wakigawanya. Hilo watoto wako walijue: chumba kimoja, unasikia kila kitu.

Ile kofia ya pembe waliyoitundika ukutani, eti ya kumvisha mtoto mjinga, iondoe. Hakuna aliyevishwa kofia katika shule ile. Ukikosa, ulibaki baada ya masomo kufagia. Bi. Kvamme alifagia pamoja nawe, na akikuuliza habari za nyumbani ulijikuta umesema. Alikuwa mrefu, mwenye sauti kali na viatu vya kiume. Tulimwogopa mpaka tulipomzoea.

Chaki ishike chini, karibu na ncha, haitapiga kelele.

Kuja siji. Safari ni ndefu.

Mama yako mdogo,
Ardis

*

Nordby
20 Machi 2011

Mama Mdogo mpendwa,

Umeamkaje? Barua yako imenipa nguvu. Nimeisoma mara nyingi mpaka Duane anauliza kama nina mchumba Arizona. Namshukuru Mungu kwa ajili yako na kwa ajili ya mabalungi yako.

Kofia nimeitoa. Kuna mwanakamati alinung'unika kwamba watoto wanaipenda. Nikamwambia, "Mama yangu mdogo amesema haikuwapo."

Uliruka swali la chakula, nadhani ulisahau. Nakuuliza tena maana watoto wa kwanza wanakuja katikati ya Aprili. Jumamosi tulikwenda mimi na akina mama wawili kulijaribu jiko. Ni lile lile, Mama Mdogo, halijawahi kusogezwa. Tuliweka juu yake karai pana la maji, tukapanga chupa kumi na nane za kioo, moja kwa kila mtoto tunayemtarajia. Zilienea zote vizuri, na pembeni likabaki pengo, tukaweka birika la kahawa. Tulikaa tukanywa huku theluji inaanguka nje, nikakuwaza wewe mdogo, na chupa yako.

Ilikuwa na nini, Mama Mdogo? Bibi alikuwa anakupikia nini?

Mwanao,
Marlys

*

Nordby
16 Aprili 2011

Mama Mdogo mpendwa,

Nakusalimu tena ingawa hukujibu. U mzima? Nilimpigia Curtis, akasema unakula vizuri, unakwenda kanisani, ila uko kimya. Kama nimekukosea kwa neno lolote, nisamehe. Nakuombea kila asubuhi.

Watoto walikuja Alhamisi. Nilitetemeka mpaka kengele ikajipiga yenyewe mkononi. Lakini tulianza vizuri. Nilitazama kucha. Niliwaambia wakubwa wawasomeshe wadogo, ingawa wote ni wa miaka tisa na kumi, wakagombania nani mkubwa. Mmoja, jina lake Tanner, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, choo kiko wapi?"

"Nje, nyuma ya banda la kuni."

"Nje nje?"

"Nje nje."

"Basi, nitasubiri mpaka nifike nyumbani."

Mwingine akauliza kama kuna intaneti. Nikasema sijawahi kulisikia jina hilo hapa Nordby, labda ni watu wa wilaya ya pili. Walicheka, nikapata moyo. Nikajiona nimekuwa Bi. Kvamme.

Kisha yakanipata. Kila mtoto alileta chakula chake kwenye chupa, nami nikazipokea moja moja na kuzipanga kwenye karai. Unajua mikono yangu. Miaka thelathini nahifadhi matango na nyanya kwenye chupa hizo hizo. Kifuniko kikipita mikononi mwangu, nakaza. Sikuwaza kabisa. Nilivikaza vyote kumi na nane kama mtu anayeweka akiba ya majira ya baridi.

Tukiwa katikati ya hesabu, pa! Makaroni ya Tanner yakaruka mpaka darini. Mengine yakatua kwenye bendera. Ashukuriwe Mungu, hakuna mtoto aliyekuwa karibu, hakuna aliyekatwa hata kidole. Niliwatoa nje wote mbio. Wao walifurahi! Walikuwa wakiruka kwenye theluji wakipiga kelele, "Tena! Tena!" Lakini mzazi mmoja aliyewasindikiza hakufurahi.

Jana mwalimu mkuu wao, Bwana Torvik, alinijia. Ni kijana mpole, alikaa kwenye dawati magoti yakagusa kidevu. Akaniambia, "Mama Marlys, mimi nawapenda, lakini sitaki chupa juu ya moto tena. Tarehe ishirini Mei unakuja mkondo wa pili wa darasa la nne. Nitakuja nao mwenyewe, nikae kutwa. Nikiona siku imekwenda sawa, tutaendelea. Nikiona haikwenda, itabidi nikuambie hapana."

Kwa hiyo imebaki siku moja. Chupa zimekatazwa, na kurudi kwenye mikate ya kufungwa kwenye karatasi najiona nimeshindwa. Akina mama wa kamati wananitazama kwa huruma, na huruma yao inaniuma kuliko lawama. Sijui la kufanya, Mama Mdogo. Niandikie hata mstari mmoja.

Marlys

*

Tucson
29 Aprili 2011

Mwanangu Marlys,

Hukunikosea. Goti ni lile lile, mimi ni mzima. Barua ya makaroni nilimsomea Curtis, akacheka mpaka akakaa chini. Kifuniko ulipaswa ukilegeze, mwanangu, kishike kidogo tu, mvuke utoke. Hilo ningelikuambia mapema kama ningekubali kuzungumza juu ya chupa.

Nilikuwa sitaki. Nilipofika pale ulipoandika kwamba chupa kumi na nane zilienea jikoni na birika likapata nafasi, niliikunja barua yako nikaitia ndani ya Biblia. Nimeitoa na kuirudisha mara nyingi. Sasa nakuambia, maana una siku moja iliyobaki.

Majira fulani ya baridi, nikiwa bado shuleni pale, babu yako alikuwa sanatoria, hospitali ya wagonjwa wa mapafu. Viazi vyetu viliganda ndani ya shimo la akiba vikaoza. Ng'ombe walikuwepo, lakini maziwa karibu yote yalikwenda kiwandani. Bi. Sather, jirani, alileta kapu la chakula. Bibi yako akakataa. Akakaribishwa tena, akakataa. Mara ya tatu akakataa vilevile. Nilisimama nyuma ya mlango nikimwomba Mungu, mama aseme ndiyo. Kwetu ukikataa ya tatu ndiyo basi, hakuna anayerudi. Usimlaumu bibi yako. Hakuwa na kitu kingine cha kushika isipokuwa kukataa kule.

Asubuhi tulikula uji, usiku tulikula kilichopatikana. Mchana ndio ulikuwa mtupu. Lakini kila mtoto alikuja shuleni na chupa yake imevikwa soksi ya sufu. Basi na mimi nilijaza yangu maji, nikatia tone la maziwa yakawa meupe. Kwa mbali ilikuwa supu ya viazi. Nikaivika soksi. Ikishapashwa nilikwenda nayo dirishani, nikainywa kwa kijiko nikiwapa mgongo.

Irvin Sather akaniuliza, "Wewe Ardis, viazi kila siku?"

Nikamwambia, "Mama yangu anajua kuvipika. Wako ndiye anayebahatisha."

Wakamcheka yeye. Nilikuwa na mdomo hata kwa njaa.

Siku moja Bi. Kvamme alisimama mbele ya jiko amekunja mikono, sura imekunjamana. "Nimechoka na chupa zenu!" alisema. "Jiko lenyewe dogo hivi, chupa zinagongana, siku moja zitapasuka. Kuanzia kesho tunapika chungu kimoja, kila mtu na kitu chake. Irvin, viazi. Opal, karoti. Nyie mabinti wa Lien, kitunguu, na mfupa mkipata. Ardis, wewe una mikono yenye nguvu, utavuta maji pampuni. Bila maji hakuna supu, kwa hiyo usichelewe."

Marlys, nilikula. Nilikula nikarudia, na hakuna aliyenitazama, maana maji yalikuwa yangu. Tulikula hivyo mpaka theluji ilipoyeyuka na babu yako akarudi. Bibi yako nilimwambia tu kwamba nina kazi ya maji shuleni. Akasema, "Vizuri. Fanya kazi yako."

Usiku ule wa kwanza nilipiga magoti nikamshukuru Mungu kwa kutupa jiko dogo. Nimemshukuru hivyo maisha yangu yote. Mama yako hakujua, mume wangu marehemu hakujua. Bi. Kvamme alifariki mimi nikiwa nimeshaolewa, na sikuwahi kumwambia ahsante, kwa sababu mtu atamshukuru nani kwa udogo wa jiko?

Na sasa wewe unaniandikia kwamba zilienea kumi na nane.

Sisi tulikuwa tisa.

Hebu nenda ukapime tena. Weka tisa. Kisha niambie kweli, usinipambie.

Ardis

*

Nordby
22 Mei 2011

Mama Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Nakusalimu nikiwa na furaha na macho yaliyovimba. Barua yako niliisoma nimesimama kwenye sanduku la posta, na viatu vyangu vikalowa. Duane anakusalimu. Amefunga kibanda chake, barafu imekwisha, sasa anashinda bustanini akisema analima.

Siku ya Bwana Torvik imepita. Niliwaandikia wazazi kila mtoto alete kitu kimoja cha kutia chunguni, wala si chupa. Asubuhi nilisimama mbele ya jiko nikakunja mikono, nikakunja na uso kadiri nilivyoweza, nikasema kama ulivyoniandikia: "Nimechoka na chupa zenu! Jiko lenyewe dogo hivi!"

Mtoto mmoja, Kayden, akasema, "Mbona kubwa?"

"Nenda kavute maji, Kayden."

Wakajipanga kuleta vitu vyao. Karoti, viazi, mahindi ya kopo, soseji, kuku mzima aliyepikwa na bibi wa mmoja wao. Nilikuwa nakoroga. Wa mwisho alikuwa binti mmoja, Shayla, mwembamba, amevaa gauni la kuazima. Alikuwa na vile vipakiti vya biskuti za chumvi wanavyotoa bure mikahawani, amevifumbata. Alinitazama. Niligeuka nikafungua mlango wa jiko, nikashughulika na kuni ambazo hazikuhitaji kushughulikiwa. Nilipogeuka mikono yake ilikuwa mitupu, na biskuti zilikuwa zinaelea. "Hii supu ilikuwa nyepesi," nikakiambia chungu, si yeye. "Sasa inakuwa nzito." Alikula bakuli tatu.

Bwana Torvik alikaa nyuma kutwa. Tulipomkaribisha supu alisema hapana, ameshiba. Nikamkaribisha tena, akasema hapana, asijisumbue mtu. Ya tatu akaleta bakuli. Jioni, watoto wakiwa kwenye basi, alibaki mlangoni akizungusha kofia yake. Akasema, "Mama Marlys, mwakani nataka mikondo yote mitatu ya darasa la nne. Na msimu wa vuli pia, Septemba, kama mnaweza." Kisha akauliza kama supu imebaki. Kamati imemwandikia yule mwenye lori. Jengo linabaki, Mama Mdogo. Linabaki.

Sasa lile uliloniuliza. Nimeliacha mwisho kwa sababu nililitimiza kwanza, siku ile ile barua yako ilipofika, peke yangu. Niliweka karai, nikapanga chupa tisa. Hazikujaza hata nusu. Ningeweza kuweka na kikaango. Jiko lile si dogo, Mama Mdogo, na halijawahi kuwa dogo.

Kisha nikasimama pale anaposimama mwalimu. Ukiwa dirishani ni supu ya viazi. Ukiwa jikoni, umeinama juu ya chupa tisa, nane zinanukia na moja hainuki kitu. Mimi mpishi nakuambia, hakuna mwanamke wa Nordby ambaye asingejua. Bibi alikuwa amekataa mara tatu, na Bi. Kvamme bila shaka alisikia, unajua habari zinavyotembea hapa. Kwa hiyo hakukaribisha mtu, na hakukuwa na kitu cha kukataa. Na alipogawa kazi, kila mmoja alimpa alichokuwa nacho kwao. Wewe alikupa maji, Mama Mdogo. Maji ndiyo uliyokuwa unaleta.

Jumapili nilikwenda makaburini nyuma ya kanisa. Kaburi lake nililijua siku zote, nilikuwa nalipita. Nimepanda maua, na ahsante nimesema, moja yako na moja yangu. Ila nadhani yako angependa kuisikia kwa sauti yako. Na Mungu naye, usisikitike kwamba ulimshukuru kwa jiko. Alijua ulichomaanisha.

Septemba watoto wanarudi. Nimegawa kazi zote isipokuwa ya pampu. Goti lisikutie hofu, pampu inavutwa kwa mikono, na Duane atakuwekea kiti pale pale. Tafadhali nijibu mapema, nijue kama nimwandikie Curtis habari za tiketi.

Mwanao anayekupenda,
Marlys